Kuchagua programu ya kupakulia mafaili kwenye terminali ya Linux

Swali la programu ipi itumike kupakua mafaili kwenye terminali ya Linux huulizwa mara nyingi kana kwamba ni swali la kasi: ipi inavuta haraka kuliko wenzake. Kasi ina umuhimu wake, lakini mara nyingi haiamuliwi na programu hata kidogo. Huamuliwa na seva iliyo upande wa pili na njia iliyopo kati yako nayo. Mimi ninapochagua huangalia mambo mawili kabla ya jingine lolote. La kwanza ni kile ambacho programu hufanya muunganisho unapokatika katikati ya faili la gigabaiti nne. La pili ni kile inachoniambia, mimi au skripti yangu (faili la amri zinazojiendesha zenyewe), pale kazi inaposhindikana. Mambo yakienda vizuri programu hizi zote zinafanana, na tofauti zake hujitokeza pale tu mtandao unapoleta shida, kwa hiyo ni huko nitakakokaa zaidi.

Kivinjari kinatosha kwa faili dogo kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Hakitoshi unapokuwa umeingia kwa ssh kwenye seva isiyo na skrini, unapotaka upakuaji uanze usiku bila wewe kuwapo, au unapotaka kazi ileile ifanyike kila wiki bila mtu kubofya chochote.

Kabla ya kusakinisha kitu kipya, inafaa kujua kilichopo tayari. Mifumo mingi ya Linux inayosakinishwa kikamilifu huja na wget au curl, na mingine huja nazo zote mbili. Alpine, aina ya Linux iliyojengwa iwe ndogo iwezekanavyo, ina wget ya BusyBox (mkusanyiko wa amri zilizopunguzwa), yenye jina lilelile lakini machaguo machache sana. Haiwezi, kwa mfano, kufuata viungo na kupakua folda nzima. Nje ya Linux, FreeBSD ina amri yake iitwayo fetch ndani ya mfumo wa msingi, nayo OpenBSD hutumia ftp, ambayo licha ya jina lake la zamani hupakua kwa HTTP na HTTPS bila tatizo. Fetch huendeleza faili lililokatika ukiipa -r, na ftp ya OpenBSD hufanya vivyo hivyo ukiipa -C. Hata ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya kompyuta) la Debian lililopunguzwa mpaka likabaki bila wget wala curl, apt yenyewe, programu ya kusakinishia vifurushi, imebeba kipakuzi chake kidogo, ambacho watu wachache wanakifahamu:

/usr/lib/apt/apt-helper download-file KIUNGO JINA-LA-FAILI

Hilo linatosha kwa dharura. Kwa kazi ya kila siku, mashindano hasa ni kati ya programu tatu: wget, curl na aria2.

Wget ilitolewa mwaka 1996 na Hrvoje Nikšić, nayo ni sehemu ya mradi wa GNU. Iliandikwa wakati ambapo watu wengi waliingia kwenye intaneti kwa kupiga simu kupitia modemu, na asili hiyo inaonekana bado katika tabia yake: ni programu isiyokata tamaa. Ukiipa kiungo tu, bila chaguo lolote, itahifadhi faili kwa jina lake, itafuata seva inapoielekeza kwenye anwani nyingine, na muunganisho ukikatika itajaribu tena mpaka mara 20, ikiendelea pale ilipoishia. Wengi wanadhani kwamba lazima waweke -c ili wget iendelee baada ya kukatika. Chaguo hilo linahitajika tu pale wget yenyewe ilipokuwa imezimwa, kwa mfano kompyuta ilipozimika, na sasa unaiendesha upya juu ya faili nusu lililobaki kwenye diski.

Kinachotokea chini ya -c ni rahisi kukieleza, na ukikielewa utaelewa programu zote zilizobaki. Wget hupima faili ulilonalo, tuseme baiti milioni 300, kisha humwandikia seva ombi lenye kichwa (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi au jibu) kiitwacho Range, likisema nipe kuanzia baiti ya 300,000,000 hadi mwisho. Seva inayoelewa ombi hilo hujibu kwa namba 206, maana yake ninakutumia sehemu tu, na wget huziunganisha baiti mpya mwishoni mwa zile za zamani. Seva isiyoelewa hujibu kwa 200 na kuanza kutuma faili lote upya. Unaweza kujua mapema uko na seva ya aina gani kwa kuomba vichwa tu bila faili lenyewe:

curl -I -L KIUNGO

Ukiona mstari wa Accept-Ranges wenye neno bytes, pamoja na Content-Length inayotaja ukubwa wa faili, seva imetangaza kwamba unaweza kukatika na kuendelea. Usipouona mstari huo haina maana kwamba haiwezekani, lakini mimi nikiwa na faili kubwa na mtandao wa kusuasua hutafuta seva nyingine inayohifadhi nakala ya faili hilohilo.

Iko hatari moja katika -c ambayo mwongozo wa wget wenyewe unaitaja. Ikiwa faili lililoko kwenye seva limebadilishwa tangu ulipoanza, na jipya ni kubwa kuliko kipande ulichonacho, wget itabandika mkia wa faili jipya kwenye kichwa cha faili la zamani, itamaliza kwa furaha, na utakuwa na faili lenye ukubwa sahihi na maudhui yaliyoharibika. Jambo hili hutokea zaidi kwenye viungo ambavyo jina la faili halibadiliki, kama vile vinavyoishia na neno latest au current. Kwa viungo vya namna hiyo chagua faili lenye namba ya toleo ndani ya jina lake, kwa sababu hilo halibadilishwi kimyakimya.

Dosari nyingine ya wget ni subira yake kupita kiasi. Kama seva imenyamaza bila kukata muunganisho, wget husubiri sekunde 900, yaani robo saa nzima, kabla ya kukubali kwamba hapana kinachokuja. Kwenye mtandao wa simu, ambako muunganisho hufa bila kuaga, hiyo ni robo saa iliyopotea kila mara. Ndiyo maana amri ninayoipendekeza kwa mtu mwenye mtandao usiotabirika ni hii:

wget -c --tries=0 --read-timeout=30 --waitretry=30 KIUNGO

Sifuri kwenye tries maana yake jaribu bila kikomo, na namba nyingine mbili zinaifanya itambue ukimya ndani ya nusu dakika na ipumzike kidogo kati ya jaribio na jaribio. Bado itaacha mara moja ikiambiwa kwamba faili halipo, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa kuuliza tena hakutalileta.

Wget ina uwezo mmoja ambao curl haina kabisa: kupakua folda nzima au tovuti nzima kwa kufuata viungo vyake. Amri ya wget -r -np hushuka ndani ya folda bila kupanda juu yake, na -k hugeuza viungo ili kurasa zisomeke bila intaneti. Kwa chaguo-msingi huheshimu faili la robots.txt, ambamo mwenye tovuti hueleza sehemu asizotaka programu za aina hii ziingie. Ninamsihi kila anayeitumia hivi aongeze --wait=1 ili iwepo nafasi kati ya ombi na ombi. Seva nyingi zinazohifadhi programu huria huendeshwa na vyuo vikuu na watu wa kujitolea, na kuzikamua bila kipimo ni kumnyima mwingine.

Curl ina historia tofauti na nia tofauti. Ilianzia kwenye programu ndogo iliyoitwa httpget, iliyoandikwa na Mbrazili Rafael Sagula mwaka 1996, kisha Daniel Stenberg wa Uswidi akaiendeleza na kuitoa kwa jina la curl mwaka 1998. Stenberg bado ndiye anayeiongoza hadi leo. Ndani yake kuna maktaba ya libcurl, inayotumiwa na programu nyingi mno, ikiwemo git inapozungumza na seva kwa HTTP, na kwa sababu hiyo ni nadra kuukuta mfumo usioweza kuipata.

Curl huchukua kitu kutoka mtandaoni na kukimwaga kwenye mkondo wa matokeo, ili amri nyingine ikipokee. Kuhifadhi faili ni jambo unaloliomba kwa -O, kufuata uelekezo wa seva ni jambo unaloliomba kwa -L, na kuhesabu jibu la kosa kuwa ni kushindwa ni jambo unaloliomba kwa -f. Asiyejua hili huiona curl kuwa ngumu. Mimi naiona kuwa inatii, na utii huo unamtaka mtumiaji ajue anachoagiza.

Hebu tuangalie kwa karibu kinachotokea bila -f. Tuseme toleo la picha ya diski (faili moja lenye diski nzima ya kusakinishia mfumo) limeondolewa kwenye seva, nawe unaendesha curl -O kwa kiungo cha zamani. Seva inajibu 404 na kuambatisha ukurasa mfupi wenye maneno ya kuomba radhi. Curl inaupokea ukurasa ule, inauandika kwenye diski kwa jina la picha.iso, na kumaliza kwa namba sifuri, ambayo kwa skripti ina maana kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Ukitazama folda utaona faili lenye jina uliloomba. Ukitazama ukubwa wake utaona baiti mia chache. Na ukiendesha amri ya file juu yake utaambiwa kwamba ni waraka wa HTML. Skripti haikutazama lolote kati ya hayo, na sasa inaendelea kuandika ukurasa wa radhi kwenye flashi. Ukiweka -f, curl haiandiki kitu na humaliza kwa namba 22. Wget katika hali hiyohiyo humaliza kwa namba 8 bila kuombwa.

Hata hivyo, kwa skripti mimi huchagua curl, na sababu ni zilezile namba za kumalizia. Curl inazo nyingi na kila moja ina maana yake: 6 ni jina la seva kutopatikana, 18 ni faili kukatika kabla ya kutimia, 28 ni muda kwisha, 33 ni seva kutokubali kuendeleza ulipoishia. Skripti inaweza kuamua kwamba 18 inastahili kujaribiwa tena na 22 inastahili kumwita mtu. Kwa upakuaji mkubwa ndani ya skripti mimi huandika kitanzi cha namna hii:

until curl -fL -C - -O --speed-limit 1000 --speed-time 30 KIUNGO; do sleep 10; done

Chaguo la -C likifuatiwa na kistari huiambia curl ijipimie yenyewe pa kuanzia, na yale machaguo mawili ya speed huikatisha ikiwa kasi imeshuka chini ya baiti 1000 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 30. Kitanzi hiki kikipewa kiungo kilichokufa kitazunguka milele, kwa hiyo kwenye mashine isiyo na mtu wa kuiangalia kiwekewe kikomo cha majaribio. Kwa wale wanaotaka urahisi wa wget huku wakibaki na injini ya curl, sasa ipo amri ndogo iitwayo wcurl, iliyoanzia kwa watunzaji wa kifurushi cha curl ndani ya Debian na baadaye ikachukuliwa na mradi wa curl wenyewe. Huwasha machaguo ya busara kwa niaba yako, ukabaki na kazi ya kutoa kiungo tu.

Jambo moja kuhusu curl linanisumbua, ingawa kosa si lake: desturi ya kurasa za maelekezo kumtaka mtu aunganishe curl moja kwa moja na sh, ili kinachopakuliwa kitekelezwe papo hapo bila kusomwa. Muunganisho ukikatika katikati, sh inaweza kutekeleza nusu ya skripti. Pakua kwanza, fungua usome, kisha endesha. Ni amri mbili badala ya moja, na wewe unabaki kuwa mwenye mashine.

Aria2, ya Tatsuhiro Tsujikawa, ndiyo inayosifiwa kwa kasi. Hugawanya faili katika vipande na kuvivuta kwa miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja, hata kutoka seva tofauti zenye nakala ileile. Wapo wanaoisakinisha, wakaiendesha bila chaguo lolote, wakakatishwa tamaa kwa kutoona tofauti. Sababu ni kwamba kwa chaguo-msingi hufungua muunganisho mmoja tu kwa kila seva. Lazima uiombe:

aria2c -c -x 4 -s 4 KIUNGO

Kiwango cha juu ambacho -x hukubali ni 16. Mimi sivuki 4. Miunganisho mingi husaidia pale seva inapoweka kikomo kwa kila muunganisho, au pale njia ni ndefu na yenye kupoteza pakiti, hivi kwamba muunganisho mmoja haufikii kasi ambayo laini inaiweza. Laini yako ikiwa imeshajaa, kuongeza miunganisho hakuongezi chochote, na seva nyingine humfungia mlango anayefungua mingi. Njia ya kiungwana zaidi, na mara nyingi yenye kasi zaidi, ni kuipa aria2 viungo viwili au vitatu vya faili hilohilo kutoka seva tofauti ndani ya amri moja, ikagawa mzigo yenyewe.

Kuna mtego ambao mtumiaji wa aria2 anapaswa kuujua. Kwa kawaida hutenga nafasi ya faili lote kwenye diski kabla ya kulijaza, kwa hiyo amri ya ls inaweza kukuonyesha gigabaiti nne kamili wakati kilichofika ni robo tu. Kinachosema ukweli ni faili dogo lililo pembeni yake lenye jina lilelile na mwisho wa .aria2, likiwapo, kazi haijakamilika, na likifutwa kabla ya wakati, aria2 haitajua tena ni vipande vipi imekwisha kuvipokea.

Sababu yangu kubwa ya kuiweka aria2 kwenye kila kompyuta ninayoitumia ni kwamba inaelewa BitTorrent, njia ambayo wapakuaji hupeana vipande vya faili wao kwa wao. Debian na miradi mingine mingi hutoa faili la torrent kwa kila picha ya diski, na katika BitTorrent kila kipande huhakikiwa kinapofika. Kilichoharibika hutupwa na kuombwa upya, bila kuathiri vingine. Kwa mtu mwenye mtandao unaokatika mara kwa mara sijaona njia iliyo salama kuliko hiyo.

Zipo nyingine. Axel ni nyepesi na hugawanya faili kama aria2 bila mambo mengine. Lftp ni nzuri sana kwa anayelinganisha folda nzima na seva ya FTP au SFTP. Wget2, iliyotolewa mwaka 2021, hupakua kwa nyuzi nyingi na kutumia HTTP/2, lakini haina FTP. Fedora iliifanya kuwa ndiyo wget yake kuanzia toleo la 40 la mwaka 2024, hivyo mwenye skripti za zamani zinazotegemea FTP anapaswa kuzikagua kabla ya kuhamia huko.

Basi kwa mtu aliyekaa mbele ya terminali akitaka faili moja, au folda nzima, ningempa wget. Kwa skripti ningempa curl yenye -f na -L, bila kuacha hata moja. Kwa picha kubwa ya diski ningempa aria2 pamoja na torrent. Mwenye nafasi ya kuweka moja tu aweke curl, kwa sababu iliyobaki inaweza kupakuliwa nayo.

Chochote utakachochagua, hakuna hata moja kati yake inayoweza kukuhakikishia kwamba ulichopokea ndicho walichotengeneza waliokitengeneza. HTTPS hulinda faili likiwa njiani. Haikulindi ikiwa seva yenyewe imevamiwa. Mwezi Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kubadilisha viungo, watu wakapakua picha ya toleo la 17.3 Cinnamon iliyowekwa mlango wa siri ndani yake, na wget ya mtu yeyote siku hiyo ingeripoti mafanikio kamili. Kwa hiyo pamoja na picha ya diski pakua pia faili la SHA256SUMS, yaani orodha ya alama zinazotambulisha maudhui ya kila faili, na sahihi yake ya kidijitali, kisha endesha amri hizi mbili:

sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS
gpg --verify SHA256SUMS.gpg SHA256SUMS

Majina ya mafaili haya hutofautiana kidogo kati ya mradi na mradi. Debian, kwa mfano, huliita la sahihi SHA256SUMS.sign. Amri ya kwanza hukuambia kwamba hakuna baiti iliyopotea au kubadilika tangu orodha ilipoandikwa, na itakunasia lile faili lililounganishwa vibaya na -c. Ya pili ndiyo hukuambia nani aliyeiandika orodha, mradi tu ufunguo wa mtiaji sahihi umeupata mahali pengine, kwa mfano ndani ya mfumo ambao tayari unaendesha na kuuamini. Ufunguo uliochukuliwa kwenye ukurasa uleule uliotoa faili hauthibitishi kitu, kwani aliyeweza kubadilisha kimoja kwenye seva ile aliweza kubadilisha vyote: faili, orodha, sahihi na ufunguo.